Majivu ya Maharage

Ka! Nikifumba macho naisikia hadi leo: sauti ya harage kavu likipasuka kwenye gego la Bibi wa Vyungu. Alikuwa akilitia upande wa kushoto, kwenye jino moja aliloliamini kuliko yote, akikaza taya, na sisi tuliochuchumaa mbele yake tulinyamaza kama watu wanaongoja hukumu. Likisema ka, alisema, "Hili limekauka, liende chunguni." Likibonyea bila sauti, alilitema kiganjani mwa aliyelileta na kumwambia alirudishe juani, tena akae nalo hukohuko, maana hata yeye mwenyewe bado mbichi. Akina mama walicheka. Hapakuwa na mwanamke kilimani petu ambaye hajawahi kutemewa harage mkononi na yule bibi, na hapakuwa na hata mmoja aliyekosa mbegu akiwa anajua njia ya kwenda kwake.

Naandika haya nikiwa na hasira. Mimi si mwanamke wa hasira. Nyumbani wanasema ningeweza kucheka hata na kuku. Shule niliishia darasa la nne, na hicho kidogo nilichokipata nakitumia kuwaandikia majirani barua za posa na za rambirambi. Lakini kila nikitaka kuandika habari za bibi huyu kwa upole, kalamu inatoboa karatasi. Basi itoboe.

Hakuwa mfinyanzi. Vyungu vilivyompa jina vilikuwa vya mbegu, vimepangwa kuzunguka ukuta wa nyumba yake, midomo imefungwa kwa majani ya mgomba na kuzibwa kwa samadi. Kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilipakana na chetu, huku upande wa Nyakakika, mfereji mmoja tu katikati. Ukivuka mfereji uliona tofauti kwa miguu kabla ya macho: kwake nyasi za kufunika udongo zilikuwa nene, unakanyaga kama godoro, na chini ya migomba maharage yametambaa hadi mlangoni. Kwetu palikuwa na kahawa. Kahawa na migomba michache iliyokonda kama watu wanaodai huruma.

Katika vyungu vile alihifadhi maharage ya kila namna, na majina yake hayakuwa ya kitabuni. Yale mekundu madogo yanayoiva upesi aliyaita Mume Amefika. Yale makubwa yenye madoa, ambayo yanaweza kuchemka tangu asubuhi na bado yakakutazama, aliyaita Mgeni Ataondoka. Mama alimwuliza siku moja kwa nini anatunza mbegu ngumu namna ile, akajibiwa kwamba yeye bado kijana, hajatembelewa na mawifi wa kutosha.

Mbegu haikuwa kitu cha kuuza. Ulikwenda na kikapu, ukatukanwa kidogo, ukapimiwa kwa kibuyu. Baada ya mavuno ulirudisha kibuyu kilekile kilichojaa, na konzi moja juu yake, ya shukrani. Hata wake za wafugaji walishuka kutoka mbugani na mabuyu ya maziwa mgongoni wakaondoka na maharage, na kesho yake waume zao walimletea samadi. Jambo moja tu halikufanyika: kurudisha mbegu ya mtu kabla hujaipanda. Kumrudishia mtu mbegu yake ni kumwambia kwamba umekufa kwangu. Sikuwa nimewahi kuliona likifanyika. Nilidhani ni maneno ya wazee tu, ya kutisha watoto.

Sasa msidhani namchora mtakatifu. Alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi. Kanisani, kwa Walutheri wenzetu, alisinzia tangu wimbo wa kwanza na kuamka kwenye matangazo, halafu akitoka nje alitoa maoni juu ya mahubiri kana kwamba kayaandika yeye. Aliisema vibaya sukari ya dukani, kwamba inawaozesha watoto meno na inawafanya wanaume wapende kukaa barazani, lakini mimi ndiye niliyetumwa Kanoni kumnunulia, na ile ya chai yake alikuwa akiiramba kwenye kiganja, amenipa mgongo, eti anatazama mvua.

Na kahawa! Aliichukia kama mke mwenza. Alisema imekuja kama mgeni wa siku moja, sasa inalala kitandani na wenye nyumba wanalala chini. Lakini shavuni mwake hazikukosekana buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zile tunazotafuna kwetu tangu enzi na kumkaribishia mgeni. Nikimwambia, "Bibi, si unaichukia kahawa?" alinijibu kwamba ndiyo maana anaitafuna.

Siku alipokuja bwana shamba, kijana aliyevaa soksi ndefu, aliamuru maharage yote yaliyo katikati ya mikahawa yang'olewe, kwa kuwa yanakula chakula cha kahawa. Kwetu Tata, yaani baba yangu, aliyang'oa siku ileile, na Mama akasimama jikoni akimtazama kupitia mlangoni. Kwa Bibi mambo yalikuwa mengine. Alimkaribisha bwana shamba, akamwekea kigoda, akampa buni za kutafuna.

"Baba," akamwambia, "umeamka na nini tumboni?"

"Maharage na ndizi, Bibi."

"Uliyachuma juu ya mkahawa?"

Kijana yule alicheka hadi akashika magoti. Aliondoka bila kung'oa hata shina moja, na mkononi ana kibuyu cha Mume Amefika ampelekee mkewe. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira yangu ina anwani, nami sitaki ipotee njiani ikamfikia asiyehusika.

Lakini elimu yake hasa, ile ambayo wanawake walitoka mbali kuifuata, ilikuwa majivu. Maharage hayahifadhiwi hivihivi. Yana wadudu wao. Kwetu yanachanganywa na jivu, na ukitaka kula unapepeta, unaosha, unapika. Sisi sote tumekula maharage yaliyolala kwenye jivu tangu tuko matumboni. Bibi alijua jivu la maganda ya ndizi, jivu la mabua ya maharage yenyewe, jivu la mti fulani wa bondeni ambalo alisema ni kali kama mama mkwe. Aliliweka kwenye ncha ya ulimi akakuambia ulichoma nini na kama ulikuwa na haraka. Mara moja alimwambia Mama kwamba katika jivu lake kuna mpini wa jembe, na kweli Tata alikuwa ametafuta mpini ule siku mbili.

Alikuwa akionja kila kitu. Ni desturi yetu kwamba anayekupa chakula au kinywaji anatangulia kuonja, ujue hakuna kitu ndani. Wengine wanaonja kwa kugusa mdomo tu, basi. Yeye alikunywa funda zima au akala tonge zima, akafungua kinywa kukuonyesha kwamba kimeshuka. Tulikuwa tunamcheka kwamba mgeni wake hubaki na sahani ya kulamba.

Haya sasa. Nimezunguka vya kutosha.

Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa, na maharage ya Mama, yaliyokuwa yamebanwa kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba tangu yale ya katikati ya kahawa yang'olewe, yalikauka na maua yake. Tukaitwa kwenye baraza la gombolola, yaani kwa chifu mdogo wa kwetu. Nasema tukaitwa, lakini walioitwa ni wanaume. Baraza lilikuwa la kahawa: namna ya kukata matawi, namna ya kutandaza nyasi. Mwishoni kila mwenye nyumba akapewa kifuko cheupe cha kitambaa chenye mbegu za maharage kutoka serikalini. Tata akaja na chetu, akakitundika juu ya meko, akasema, "Mbegu hizo," akaenda kuvua viatu. Asubuhi yake alifunga mizigo ya kahawa kwenye baiskeli akaelekea Bukoba na wenzake.

Mbegu hizo. Maneno mawili. Nimeyahesabu mara nyingi.

Siku ya tatu chakula kilikwisha. Zilibaki ndizi chache changa zisizo na mboga ya kushushia. Mama akakifungua kile kifuko. Maharage yalikuwa mazuri, makubwa, na yamefunikwa unga wa kijivu, laini, ulioshika vidole. Mama hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliweka konzi moja kwenye ungo, akanishika mkono mimi, akambeba mdogo wangu wa miaka mitatu, tukavuka mfereji.

Bibi wa Vyungu aliusugua ule unga kati ya vidole. Akaunusa. Akaweka ncha ya ulimi, akatema. Akakunja uso.

"Hili jivu limechomwa na mtu mvivu," akasema. "Halina hata chumvi."

Mama akauliza kama ni jivu kweli.

"Ni nini tena? Wazungu nao wana miti yao. Pepeta, osha maji mawili, pika. Mbegu za kupanda nitakupa mimi, hizi za serikali ule."

Alisema hivyo. Siwezi kumfutia, na yeye mwenyewe hakutaka afutiwe. Lakini nieleze nani mwingine angesema tofauti. Maharage yaliyo katika unga wa kijivu ni maharage yaliyo katika jivu. Kwetu hakuna maana nyingine. Ni kama kuona moshi juu ya paa ukajua wanapika.

Tuliporudi, Mama aliyapepeta yote uani, na mdogo wangu amekaa miguuni pake upande unakokwenda upepo, anaokota maharage yaliyoruka, anayatia kinywani na kuyatoa. Jioni tulikula. Bibi alialikwa, akatangulia tonge lake kama kawaida, akafungua kinywa kutuonyesha, akasema yanakosa kitu. Halafu akala kidogo tu, kwa kuwa hayakumpendeza.

Kulipopambazuka sote tulikuwa tunatapika. Mama alitambaa. Mimi nilipona siku ya pili. Bibi alilala kwake siku nne bila mtu wa kumpa maji. Mdogo wangu hakuamka siku ya tatu. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu yeye, isipokuwa kwamba alikuwa akiniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulikosea vile.

Tata alirudi akakuta kaburi.

Wiki ileile bwana shamba alikuja, habari zimemfikia. Alisimama uani, kofia mkononi, na majirani wamejaa. Mimi ndiye niliyemletea kigoda, kwa hiyo nilikuwa karibu kuliko wote. Aliomba aonyeshwe kifuko. Alipokiona alifumba macho. Akasema, kwa sauti ya chini kama anayejisemea, kwamba ule unga ni dawa ya wadudu, ni sumu, ni mbegu za kupanda tu. Halafu akainua uso.

"Lakini nilisema barazani. Nilirudia mara mbili. Wanaume wote walikuwapo."

Nilimtazama Tata. Tata alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikawatazama wale wengine, baba wa huyu na mjomba wa yule, wanaume wa kilima kizima, na kila mmoja alikuwa ameona kitu ardhini. Wote walikuwa wamesikia. Walipewa neno na kifuko pamoja, wakafikisha kifuko. Hakuna aliyekusudia kuua. Ni kwamba maharage ni mambo ya wanawake, na baraza ni mambo ya wanaume, na kati ya hayo mawili hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kulipeleka neno lile hatua kumi na tano, kutoka mlangoni hadi mekoni.

Nyumba nyingine zilinusurika kwa bahati tu. Kwingine walikuwa bado na akiba. Kwingine kifuko kilining'inia bila kufunguliwa.

Ungedhani siku ile kilima kingejua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nami nilidhani hivyo. Nilidhani ukweli ukishasemwa uani mbele ya watu umeshasemwa. Lakini bwana shamba alihamishwa mwezi uliofuata, na maneno yake yakaondoka naye, na likabaki lile alilosema Bibi: pepeta, osha, pika. Likaanza kuzungushwa kwenye vilabu vya rubisi, wanaume wakikalia pombe yao ya ndizi. Huyu mwanamke anayejua jivu kwa ulimi, alishindwaje kujua sumu? Mbona yeye alikula kidogo? Mbona amepona, mzee kama yule, na mtoto amekufa? Na vile vyungu, nani anajua ndani kuna nini? Sikuwahi kumsikia mwanamume mmoja akisimama na kusema, mimi nilikuwapo barazani, mimi nilisikia, mimi sikusema nyumbani. Ilikuwa rahisi zaidi awepo mchawi.

Kanisani benchi lake likawa na nafasi pande zote mbili. Nyumbani kwake alipika, akaonja, akafungua kinywa kuonyesha, na mgeni akasema ameshiba. Aliacha kusinzia wakati wa ibada. Nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: kumwona akiwa macho mahubiri yote, amekaa wima, kana kwamba anangoja kuitwa jina.

Halafu asubuhi moja, kabla ya kupanda, nilitoka kwenda mtoni nikasikia kama mvua ndogo upande wa kwake. Ilikuwa langoni pake. Wanawake wanne walikuwa wamesimama na vikapu, wanamwaga. Mume Amefika, Mgeni Ataondoka, yale meusi, yale ya manjano, mbegu alizowapa wiki moja kabla ya msiba, zote zinaanguka kwenye umande. Wawili kati yao walikuwa wanalia, na bado walimwaga. Waliambiwa na waume zao.

Mama alikuwa ametoka nyuma yangu. Nilimshika nguo, nikamwomba aende akaseme, yeye aliyefiwa, yeye ambaye neno lake lingesikika. Mama alikuwa amekonda kama ufito. Alisema, "Nikaseme mbele ya mume wangu kwamba mume wangu ndiye?" akarudi ndani. Siwezi kumkasirikia Mama. Nimejaribu, imenishinda.

Bibi alitoka, akaona. Kuku walikuwa wameshaanza kudonoa. Hakuwafukuza. Alichukua fimbo yake na chungu kimoja, ambacho sikujua ni kipi, akapita katikati ya wale wanawake akisema, "Pisheni, msije mkakanyaga chakula cha watu," akashika njia ya kaskazini, kwa mpwa wake, huko Kyerwa. Kibanja chake alipewa mtu mwingine na mkubwa wa kilima. Msimu uliofuata kilikuwa kahawa tupu.

Kutoka hapo tulianza kununua maharage. Kijiji ambacho mbegu haikuwahi kuwa na bei kikawa kinapanga foleni dukani, na kila mwanamke alipoyarudisha nyumbani aliyaosha maji manne, akaketi akimtazama mwanawe akila. Hicho ndicho wanachokiita maendeleo ya kahawa. Mimi ni mwotaji, nakubali. Nikitembea naota kilima ambacho kila mlango una maharage chini ya migomba, na mtu anaweza kula bila kwanza kuuliza nani alikuwapo barazani. Wananicheka. Na wacheke, lakini wasiniambie kwamba naota kitu ambacho hakijawahi kuwapo, maana kilikuwapo ng'ambo ya mfereji, nami nilikula humo.

Mwaka huu nilimwuliza Tata. Nilingoja tukiwa wawili, anachambua kahawa kwenye mkeka.

"Tata, siku ya baraza ulisikia?"

Mikono yake iliendelea kidogo, ikasimama. "Nilisikia."

"Mbona hukutuambia?"

"Mambo ya baraza hayaletwi jikoni." Aliyasema haraka, kama mtu anayejibu katekisimu, na nadhani aliposikia yametoka kinywani mwake yalimtisha hata yeye. Nilimwuliza kuhusu Bibi, kwa nini hata baadaye hakusema. Akachukua kofia yake akatoka. Kofia, na jua limeshazama. Tangu mdogo wangu afe, Tata hajala maharage. Watu wanadhani ni tumbo.

Wiki mbili baadaye nilifunga nguo nikaenda Kyerwa. Nilitembea siku mbili, nikilala njiani kwa ndugu wa mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mpwa wake, ameinama anapalilia dodo, zile mboga za majani. Alikuwa amepungua, mgongo umejikunja, lakini nyasi alizotandaza zilikuwa nene kama za kibanja chake cha zamani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani huyo anayekanyaga mboga zangu?"

Nilimtajia. Akasema nimekua mrefu bila faida, nimshike mkono ainuke. Tuliketi. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kumwambia lile jambo, na nilipoanza niliharibu yote, nikasema kwa machozi na kamasi, kwamba Tata alisikia, wote walisikia, kwamba amekiri mwenyewe.

Bibi alikuwa anachambua majani ya dodo, mazuri huku, yaliyotobolewa kule.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Niliwaona wakitazama miguu. Wanaume wa kilima kizima wamepotewa na nini chini?"

"Basi kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani, mjukuu wangu? Barazani siendi, na jikoni walikuwa wamenifungia." Akatupa jani. "Halafu mimi nilisema ni jivu. Nililiweka ulimini nikasema ni jivu. Hilo ni langu, usininyang'anye. Baba yako na wenzake wana la kwao. Wamelibeba?"

Nilisogea nikamsaidia kuchambua dodo.

Alinipikia. Alionja tonge zima, akaanza kufungua kinywa, akajizuia, akakifunga. Nikala mpaka akaniambia niwaachie wengine. Nilipoaga aliniuliza, kana kwamba ni jambo dogo, kama mvua za kwetu zimeanza. Nilimwambia bado. Akauliza kama serikali itagawa mbegu tena. Nilimwambia ndiyo, vifuko vimeshafika gombolola, baraza ni Jumatatu.

"Na unga wake?"

"Ni uleule."

"Wanawake wameambiwa na nani?"

Aliuliza akiwa ameshika mlango. Halafu aliingia ndani. Hakunipa mbegu, wala baraka. Alikuwa na hasira, na nilifurahi kuiona, kwa sababu njia nzima nilikuwa nimedhani hasira ni yangu peke yangu.

Nilirudi Jumapili, watu wako kanisani. Sikwenda nyumbani. Vifuko vilikuwa vimerundikwa kwenye veranda ya gombolola, vyeupe, midomo imeshonwa, na karani alikuwa ameacha kiti chake na koti lake vilinde. Juu ya rundo kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilifikiri niandike, nikakumbuka kwamba jikoni kwetu hakuna mwanamke mwingine anayesoma.

Lakini kuna kitu ambacho kila jiko linakisoma. Mama akiacha chungu chenye kitu kisicholiwa, dawa ya mifugo au maji ya kulainishia ngozi, anakifunga ukamba mkavu wa mgomba, mafundo mawili, ncha zikitazama chini. Mtoto wa kike hujifunza fundo hilo kabla ya kujua kufunga nguo yake. Mwanamume akiliona, anaona kamba.

Nilichana kamba kwenye mgomba ulioegemea ofisi, nikapiga magoti, nikaanza. Fundo, fundo, ncha chini. Kule kanisani walimaliza wimbo mmoja wakaanza mwingine. Vidole vilichubuka. Kamba ziliponiishia vilikuwa vimebaki vifuko vinne, na watu wameanza kutoka, nasikia sauti zao barabarani. Nikauma upindo wa kanga yangu, nikauchana vipande vinne, nikafunga.